Njano ya Kibodi za Zamani: Inatoka Wapi, Inaondolewaje, na Wapi pa Kuishia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika, na asanteni zaidi ninyi mliokuja na kibodi zenu kwapani. Naziona. Baadhi zimeiva kweli.

Tuanze na hii niliyoiweka hapa mbele. Ni Apple Extended Keyboard, kibodi iliyotoka mwaka 1987. Walio mbele mnaiona. Walio nyuma nitawasimulia. Kasha lake lilitoka kiwandani likiwa la kijivu cheupe, sasa ni njano inayoelekea ukahawia. Vitufe vya herufi bado vina kijivu chao cha asili. Lakini tazameni kitufe kirefu cha nafasi: njano tupu. Kimepakana na herufi B, kimepigwa na mwanga uleule, kimekaa kwenye hewa ileile, miaka ileile. Kwa nini chenyewe kimegeuka na jirani zake hawakugeuka?

Ni kwa sababu plastiki hizi ni mbili tofauti. Vitufe vya herufi ni vya PBT, jamii ya poliesta, ngumu, isiyosumbuliwa sana na mwanga. Kitufe cha nafasi na kasha ni vya ABS. PBT ina tabia ya kusinyaa inapopoa kwenye kalibu, kwa hiyo kipande kirefu na chembamba hupinda. Watengenezaji wengi walikwepa usumbufu huo kwa kukitengeneza kitufe kirefu kwa ABS. Siku ya kwanza vyote vilifanana. Miaka ndiyo iliyokuja kuitoa siri.

Basi kabla hujanunua dawa yoyote, jua umeshika plastiki gani. Njia rahisi ni maji ya chumvi. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka ikatae kuyeyuka, kisha tumbukiza kitufe, ukikigeuzageuza kitoe hewa iliyonaswa ndani. Kwa kawaida ABS itaelea, PBT itazama, maana PBT ni nzito kuliko maji hayo na ABS ni nyepesi. Ukiona kimezama, kioshe, kikaushe, kiweke pembeni. Hakihitaji mhadhara huu.

Sasa njano yenyewe. ABS ni muungano wa vitu vitatu: akrilonitraili, butadieni na stairini. Butadieni ndiyo mpira uliofichwa ndani, unaofanya kasha lisipasuke likianguka. Ndiyo pia mlango wa adui. Molekuli zake zina viunganishi maradufu vya kaboni, na oksijeni ya hewani haichoki kuvitafuta. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa jicho, huanzisha ugomvi, joto huuchochea, na taratibu hujengeka makundi mapya ya atomi yanayofyonza mwanga wa buluu. Mwanga mweupe ukipungukiwa buluu, jicho linaona njano. Hakuna rangi iliyoingia kutoka nje. Plastiki yenyewe imebadilika, na imebadilika kwenye tabaka jembamba la juu; ukikwangua kidogo mahali pasipoonekana, chini yake unaikuta rangi ya zamani.

Mtasikia sana habari ya bromini. Makasha mengi ya vifaa vya umeme yaliwekewa viungo vyenye bromini ili yasishike moto upesi, na mionzi ya urujuanimno inaweza kuvunja kiunganishi cha bromini na kaboni. Kwa hiyo ina mchango wake. Lakini watu wameitwika lawama yote, nami sikubaliani nao. ABS isiyo na bromini nayo hugeuka njano. Huko Ulaya, tangu Julai 2006, makundi mawili ya viungo hivyo yamewekewa mpaka mkali, na sababu ilikuwa afya na mazingira. Hakuna aliyekuwa akifikiria rangi ya kibodi yako.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kibodi iliyokaa ndani ya boksi gizani nayo inaweza kutoka na njano. Si ajabu. Mwanga unaharakisha, lakini joto na oksijeni havihitaji taa kufanya kazi yao. Na wenye Super Nintendo za zamani, zile mashine za michezo ya video, wanajua kituko kingine: nusu ya kasha njano, nusu nyingine bado kijivu, mstari umenyooka kwenye maungio. Mashine moja, chumba kimoja. Kilichotofautiana ni mchanganyiko wa viungo katika fungu la plastiki lililoingia kwenye kalibu. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kwa uhakika kwamba kasha fulani litachukua saa ngapi kurudi. Hata makasha mawili ya toleo moja hayana tabia moja.

Haya, tuingie kazini. Na kazi inaanza kwa sabuni.

Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita njano ni uchafu. Mafuta ya vidole, vumbi, na hasa lami ya moshi wa sigara, ambayo hutanda juu ya kila kitu chumbani na kuacha rangi inayofanana kabisa na njano ya plastiki. Chovya pamba kwenye alkoholi ya isopropili, sugua kona ya chini ya kasha. Pamba ikitoka na ukahawia na plastiki ikabaki nyeupe, umepona gharama. Ila uwe mwangalifu na maandishi yaliyopigwa chapa juu ya kitufe, alkoholi inaweza kuyavuta. Na tafadhalini sana, asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isisogee hapa. Asetoni inayeyusha ABS. Haisafishi, inayeyusha.

Kuifungua kibodi ndiko kunakotaka utulivu kuliko hatua yoyote. Piga picha kwanza, ya juu na ya pembeni, hata kama unadhani unaijua mipangilio ya herufi kwa moyo. Kibodi za lugha mbalimbali zina vitufe vya alama vinavyofanana mno, na ukishamwaga vyote kwenye beseni ndipo utakapojua hujui. Tumia kivutio cha waya, kile chenye nyuzi mbili zinazopita chini ya kitufe kwenye pembe zinazokabiliana, kisha vuta wima. Bisibisi ya kutekenyulia upande mmoja huacha kovu kwenye kasha na wakati mwingine huvunja shina la swichi. Vitufe virefu, kama cha nafasi na cha kuingiza, huwa na waya wa kusawazisha ulionaswa chini kwa vishikizo vidogo vya plastiki. Vishikizo hivyo vimezeeka pamoja na kila kitu kingine. Vifungue kwa kuuzungusha waya utoke wenyewe, usiung'oe.

Kila kibodi ina mtego wake. Kwenye Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982 yenye vitufe 66, chini ya kila kitufe kuna springi inayoruka ikipata nafasi. Ifungulie ndani ya trei pana, si juu ya zulia. Na ukitaka kuifungua zaidi ufikie sakiti, kitufe cha kufunga herufi kubwa kina nyaya mbili zilizochomelewa kwa risasi kwenye bodi; lazima uziachanishe kwanza kwa pasi ya kuchomelea, la sivyo utazikata. Halafu kuna skrubu ndogondogo nyingi za kuchosha.

Ondoa kila kisicho plastiki: springi, waya, nembo ya chuma, lebo ya karatasi, mpira. Dawa tunayoiendea inaozesha chuma na kufifisha nembo za kung'aa. Lebo ikigoma kutoka, ifunike vizuri. Nembo iliyogandishwa kwa gundi ipashe joto kidogo, uisukume kwa nyuma kama kuna tundu.

Halafu osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini. Si ya moto ya kuchemka. Vitufe vyembamba vya ABS hupinda mapema kuliko mnavyofikiri. Kausha kabisa.

Ukimaliza hapo, simama. Unganisha sehemu moja, itazame mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Nusu ya kibodi ninazoletewa ningeziachia hapa. Mwenyewe akija huniuliza nimetumia dawa gani, na haamini nikimwambia ni sabuni.

Kwa zile zinazohitaji zaidi, dawa ni haidrojeni peroksaidi. Mapishi yake yalienea mwaka 2008 kwa jina la Retr0bright, lenye sifuri badala ya o, baada ya wapenzi wa kompyuta za zamani kuchangia walichokigundua na kukirekebisha pamoja. Mapishi yale ya mwanzo yalikuwa peroksaidi, unga kidogo wa kuondolea madoa nguoni, kitu cha kuifanya nzito ishike kwenye ukuta wa kasha, na mwanga wa jua. Hakuna aliyeifungia kwa hati miliki. Ilitolewa bure.

Inafanyaje kazi? Kumbuka yale makundi ya atomi yanayofyonza buluu. Mwanga na joto huivunja peroksaidi itoe chembe kali zinazoyashambulia makundi hayo na kukata mfuatano wa viunganishi unaoyapa rangi. Buluu inapita tena, jicho linaona kijivu. Lakini butadieni iliyokwisha kuharibika haijarudi kuwa butadieni. Mpira ule uliokauka bado umekauka. Umepaka mvi piko: kichwa kimekuwa cheusi, umri uko palepale. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote kuhusu kibodi yako yatakuwa mepesi.

Peroksaidi inauzwa kwa nguvu tofauti. Ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda, ni asilimia 3. Ya saluni, ile krimu inayochanganywa na rangi ya nywele, huandikwa namba 20, 30 au 40, maana yake asilimia 6, 9 na 12. Namba hizo zinahesabu ujazo wa oksijeni inayoweza kutoka. Watu hupenda kukimbilia 40. Mimi napendelea dhaifu na muda mrefu, kwa sababu dhaifu inakupa nafasi ya kuizuia.

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kupaka krimu na kuzungushia nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, kisha kuweka juani. Inatumia dawa kidogo, na kwa kasha kubwa ndiyo inayowezekana. Ila ina dosari moja inayojulikana: krimu ikikauka sehemu, au nailoni ikiacha mapovu na mikunjo, plastiki inatoka na mawimbi, michirizi iliyopauka pembeni ya michirizi ya njano. Michirizi hiyo ni mibaya kuliko njano yenyewe, na haiondoki kwa urahisi, kwa sababu palipopauka zaidi pamepauka tayari. Ukiichagua njia hii, igeuze kila baada ya muda mfupi, ongeza krimu kabla haijakauka, na usiende kulala.

Ya pili ni kuzamisha. Chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, peroksaidi ya maji, vipande vyote chini ya uso wa maji. Kwa vitufe sioni sababu ya kutumia njia nyingine. Dawa inafika kila pembe sawasawa na hakuna kinachokauka. Usumbufu wake ni kuelea. ABS ni nzito kidogo tu kuliko maji, na kitufe ni kikombe kilichogeuzwa, kinanasa hewa. Kikielea, mstari wa maji utachorwa juu yake. Kitumbukize mdomo ukiwa juu, kitikise povu litoke, kisha kigeuze. Gesi itaendelea kutoka kadiri dawa inavyofanya kazi, kwa hiyo rudi uvisukume chini. Wengine huvibandika kwenye waya au kipande cha plastiki kilichowekewa uzito. Ni sawa, mradi uzito huo usiwe chuma.

Swali pale nyuma, dada, sema. Anauliza kama siku za mawingu zinakwamisha kazi. Hapana. Joto pia linaisukuma peroksaidi. Wako wanaopasha maji mpaka kama nyuzi 60 za Selsiasi na kuyashikilia hapo kwa kipashio chenye kidhibiti, bila jua kabisa, na matokeo yanatoka sawasawa kuliko ya jua, kwa sababu joto la maji halina upande wa kivuli. Lakini kuwa macho na nyuzi zenyewe, kwa yale niliyosema kuhusu kupinda.

Na upande wa pili, wako wanaoweka plastiki juani kavukavu, bila dawa yoyote, na inapauka. Nimeona watu wakibishana hapa mpaka jasho: jua si ndilo linaloleta njano? Ndilo, na ndilo linaloondoa. Mwanga wa jua si kitu kimoja. Urujuanimno unatengeneza makundi yanayofyonza buluu, na mwanga wa buluu unaofyonzwa na makundi hayohayo unaweza kuyavunja. Nani atashinda inategemea plastiki na mwanga wenyewe. Ni njia ya polepole, haina kemikali, lakini dozi ya urujuanimno inaingia ndani ya plastiki pia. Sina ugomvi na wanaoitumia, ila kwa kasha ambalo tayari linalia likikunjwa nisingeijaribu.

Mzee wangu pale anauliza kuhusu dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. La. Klorini si peroksaidi, kazi hii haiifanyi, na ikikutana na dawa nyingine inatoa gesi mbaya. Ule unga wa madoa unaotajwa kwenye mapishi ni sodiamu pakaboneti, ambayo ikiingia majini inatoa peroksaidi. Soma pakiti.

Kwa kuwa tumegusa usalama, tumalize kabisa. Vaa glavu na miwani ya kinga. Asilimia 12 ikigusa kidole itakiacha cheupe na kikichoma, na ikiingia jichoni ni hospitali. Usichanganye peroksaidi na siki wala asetoni. Usiifunge kwenye chupa au mfuko uliokazwa ukaiweka juani. Inatoa oksijeni, na chombo kitapasuka. Mtoto na mbwa wasifike hapo. Ikiisha nguvu, kilichobaki ni maji na oksijeni.

Kuhusu herufi: kama kitufe kimetengenezwa kwa plastiki mbili zilizomiminwa moja ndani ya nyingine, herufi inapenya mpaka chini na hakuna cha kuogopa. Zilizopigwa chapa juu, jaribu kwanza na kitufe usichokihitaji sana. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoipatia kitufe cha kusimamisha skrini, kile kilichoandikwa Scroll Lock.

Sasa, wapi pa kuishia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kutafuta weupe. Kibodi hizi hazikuwa nyeupe. Zilikuwa kijivu, zilikuwa maziwa yaliyotiwa kivuli, zilikuwa rangi ya mchanga. Shahidi wa rangi ya asili unaye: geuza kasha utazame upande wa ndani, tazama chini ya lebo uliyoitoa, tazama ukingo uliofunikwa na kasha la juu. Weka kipande hicho karibu na chombo, na kila unapokagua, toa kipande kimoja, kisuuze, kikaushe, ulinganishe. Kilicholowa hudanganya, huonekana cheusi kidogo kuliko kilivyo. Toa vyote kabla havijafika kwenye rangi ya shahidi, vikiwa vimebakiza chembe ya njano. Ukipitisha, uso unapata ukungu mweupe kama chaki, na hapo umeondoa zaidi ya rangi.

Wanaopenda msasa watasema kwa nini tusikwangue tabaka la juu, kwa kuwa njano iko hapo tu. Kwa sababu kasha lina vinyweleo, ule ukwaruzo mwororo uliotoka kwenye kalibu, na msasa unaufuta milele. Rangi ya kupulizia nayo inaujaza. Kibodi iliyopuliziwa rangi huwa naitambua nikiwa mlangoni.

Na itarudi? Naona swali limeandikwa kwenye nyuso. Ndiyo, mara nyingi inarudi. Kwa wengine baada ya miaka michache, kwa wengine mapema zaidi, hata zikiwa zimehifadhiwa gizani. Sababu mmeshaisikia: plastiki haikupona. Hifadhi za makumbusho hupendelea kazi inayoweza kurudishwa nyuma, na hii hairudishwi. Ukishaikata ile minyororo ya molekuli umeikata. Kila mzunguko wa dawa unakula kidogo. Ndiyo maana kasha lenye njano iliyosambaa sawasawa, bila mabaka, mimi naliacha lilivyo, hata mwenyewe akinikunjia uso. Ninachokubali kwa moyo mweupe ni kama hiki kitufe cha nafasi hapa mbele, kimoja chenye rangi yake kati ya wenzake, au kasha lililobaki na alama ya stika iliyokaa miaka ishirini. Hapo jicho linasumbuliwa na tofauti, si na njano, na tofauti inaondoka kwa dozi ndogo.

Ukimaliza suuza kwa maji mengi, kausha kivulini siku nzima, na usirudishe vitufe kabla swichi hazijapulizwa vumbi. Rudisha waya wa kusawazisha kwenye kitufe kwanza, kisha kitufe kwenye kibodi. Ukigeuza utaratibu huo utavunja vishikizo. Weka kibodi mbali na dirisha na mbali na kitu chochote chenye joto, ikiwemo tumbo la nyuma la skrini ya zamani. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na unyevunyevu.

Wenye kibodi, sogeeni mezani. Tutaanza na pamba na alkoholi, na glasi ya chumvi iko tayari hapa. Commodore ile ya kijana wa safu ya pili itasubiri mpaka nipate trei.